Kriegsspiel na Planübung ni kitu kimoja?

SWALI: Mhariri shikamoo, napenda sana historia ya vita na kwa jeshi la Ujerumani naona wanataja Kriegsspiel, mara Planübung, tofauti ni nini?

JIBU: Marahaba. Tofauti ipo kubwa tu. Zote ni mazoezi ya kivita ya kuwafundisha maafisa. Kriegsspiel ni mchezo wa pande mbili zinazopambana kwenye ramani, huoni mwenzio anapanga nini, refa ndo anaamua nani kapigwa, na ule wa Reisswitz, afisa wa jeshi, wa mwaka 1824 kule Prusia (dola la zamani la Kijerumani) walirusha hadi dadu ili bahati nayo iwemo kama vitani kwenyewe. Planübung maafisa wanacheza upande mmoja, adui anaendeshwa na mwalimu. Halafu kuna Rahmenübung, makamanda na watu wa mawasiliano wanafanya mazoezi bila vikosi. Mimi Kriegsspiel ndo naikubali zaidi, maana adui anafikiri kweli.