Kocha kakalia korti asubuhi nzima, nina haki ya kumwambia atoke?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mwenzangu tunacheza tenisi viwanja vya umma, korti ziko mbili tu na hakuna kubuku, ukifika unaweka raketi yako kwenye foleni unasubiri zamu. Sasa kuna kocha anakuja na kikapu kikubwa cha mipira, anafundisha mwanafunzi wa kwanza, saa ikiisha anaingia wa pili, alafu wa tatu, na ukimuuliza anakwambia huyu ni mtu mpya ana zamu yake. Wote wanamlipa. Hivi ni haki mtu kufanya biashara kwenye uwanja wa bure sisi tukiwa tumekaa benchi? Na nikimwambia atoke si nitakuwa namharibia riziki yake?

JIBU: Pole ndugu yangu, na nashukuru umefikiria riziki ya mwenzako kabla ya kumvaa. Ila naomba tuiweke hela pembeni kwanza. Kocha kulipwa sio kosa hata kidogo, ile ni kazi, inachosha, na mtu kajifunza miaka mingi mpaka akaweza kumrekebishia mwenzake bekihendi, lile pigo la mgongo wa mkono. Dereva wa teksi naye anatafuta riziki kwenye barabara ya umma na hatumchukii, tutamchukia siku akiipaki gari katikati ya njia kutwa nzima.

Kwaiyo jiulize hivi, angekuwa anamfundisha mdogo wake bure kwa mtindo huohuo, masaa matatu bila kutoka, ungenyamaza? Naamini usingenyamaza. Basi tatizo ni zamu. Mwanafunzi anabadilika lakini kocha ni yuleyule, kikapu ni kilekile, na wewe benchi ni lilelile. Kwa maoni yangu zamu ihesabiwe kwa kocha, saa yake ikiisha na kuna watu wanasubiri anatoka, anarudi nyuma ya foleni kama sisi wote. Ile hesabu ya "huyu ni mtu mpya" siikubali, maana aliyemlipa kocha anaingia moja kwa moja na asiyemlipa anasubiri, yani nafasi kwenye foleni imeuzwa na wala haikuwa ya kocha kuiuza. Anayeumia zaidi hapo ni yule asiye na pa kwenda, maana mwenye uwezo ataenda klabu, ila kijana mwenye raketi ya kuazima uwanja wake ni huohuo mmoja.

Kuna watakaosema kocha anayefundisha watoto sita kwa pamoja anahudumia watu wengi kuliko nyie wawili mnaocheza singo. Hoja hiyo ina uzito na mimi naiheshimu, ndio maana sisemi wafukuzwe. Nasema korti zikiwa mbili basi moja isiguswe na mafunzo ya kulipia saa zile watu wanajaa, jioni na wikiendi.

Jingine ni usalama. Kocha anapomrushia mwanafunzi mpira juu ya mpira, mingi inabingirika mpaka korti ya pili, na mchezaji anayerudi nyuma kufuata lobu, yani mpira uliopigwa juu umpite kichwani, haangalii chini, anaukanyaga mpira mmoja na kifundo cha mguu kinateguka palepale. Hilo mwambie leo hata kama ya foleni bado hamjaelewana.

Namna ya kuongea nae: subiri wanapookota mipira, msogelee yeye sio mwanafunzi, na kama ni mtoto ndio kabisa usimpandishie kocha sauti mbele yake. Muulize ana vipindi vingapi leo na saa ngapi atapisha. Akigoma nenda kwa wasimamizi wa uwanja, sehemu nyingi kufundisha kwa malipo kwenye eneo la umma kunataka kibali, mfano kwenye bustani za umma za London zinazoitwa Royal Parks wakufunzi wa mazoezi lazima wawe na leseni. Waombe sheria ya zamu iandikwe ubaoni, isibaki mdomoni.

SWALI: Mimi ni kocha, sina uwezo wa kukodi uwanja wa klabu, nafundisha watoto viwanja vya umma na kila siku nazomewa. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kwanza waambie wazazi mapema kabisa kwamba ada wanayolipa ni ya ujuzi wako, uwanja haumo. Foleni ikiwepo utapisha, na muda uliobaki mtafanya mazoezi ya miguu na kuswingi raketi pembeni. Mzazi akilijua hilo toka siku ya kwanza hatalalamika.

Alafu kama watoto wako ni wadogo, huhitaji korti nzima. Korti ya kawaida ina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 kwa dabo (wachezaji wawili kila upande), wakati korti ya wanaoanza na mpira mwekundu urefu wake ni hiyohiyo 10.97, yani inakaa kwa kukingama ndani ya nusu moja. Mpira huo unaenda polepole sana ukilinganisha na wa njano, na tangu 2012 shirikisho la dunia la tenisi, ITF, halitaki mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Kwaiyo ukipata sehemu yoyote tambarare ya sakafu ngumu, chora mistari kwa chaki, funga wavu wa sentimita 80 na darasa lako linaendelea bila kugombana na mtu. Korti kubwa waingize wale waliokomaa, saa ambazo hakuna watu.

Na kibali kaombe hata kama hakuna anayekuuliza. Ukikipata omba saa zako ziandikwe kwenye ubao wa uwanja, ili mtu anayekuja kucheza ajue kabla hajatoka nyumbani ni korti gani iko wazi.