Fundi wa Sakafu Anajibu: Epoksi Inabanduka Chini ya Tairi

SWALI: Shikamoo Fundi. Sakafu ya banda letu la gari hapa Ilazo ni ya niru. Mwezi wa tano tuliipaka rangi ya kijivu ya epoksi, tukachanganya makopo mawili kama maelezo yalivyotaka. Sasa inabanduka pale tairi zinaposimama, na kwingine ina vitundu kama chapati ya maji. Aliyetupakia anasema tununue epoksi ya bei kubwa tupake juu yake. Tukubali?
Mama Wawili, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msinunue kopo lolote kwanza. Okota kipande kilichobanduka, ukigeuze. Upande wa chini ukiwa na unga wa saruji, niru ndiyo iliyoachia. Ukiwa safi na unang'aa, rangi haikupata pa kushika. Vyovyote iwavyo, niru iondoke. Ni ngozi nyembamba ya saruji iliyolainishwa kwa mwiko, na epoksi inataka zege linalokwaruza mkono. Gari likitoka safari ya Morogoro tairi zimechemka, zinalainisha rangi, na zikipoa zinaing'oa. Rangi mpya juu ya iliyolegea itang'oka nayo, kwa hasara kubwa zaidi.

Kwa hiyo sageni: grainda yenye diski ya almasi kwa banda dogo, mashine ya kukodi kwa kubwa. Wateja wangu wengi wanaomba nimwage asidi kwa kuogopa vumbi. Asidi haiondoi epoksi iliyokwisha kukauka, nami siku hizi nakataa kazi hiyo. Vaeni barakoa ya maana, maana vumbi la zege linaharibu mapafu. Mkimaliza, dondosheni maji. Yakinywewa, endeleeni, yakisimama, kuna oili au niru bado ipo.

Halafu pimeni unyevu. Bandikeni nailoni ya sentimita 45 kila upande, mzibe kingo zote kwa selotepu, muiache saa 16 au zaidi. Mkikuta umande chini yake, au zege limegeuka jeusi, msipake. Najua mtasema Dodoma ni kukavu, unyevu utoke wapi? Utoke ardhini, kama mjenzi hakutandika nailoni chini ya zege. Mwezi wa tano mvua ndiyo kwanza imekatika.

Vitundu navyo, nadhani mlipaka asubuhi. Jua likipanda, zege linapata joto, hewa iliyomo inatoka na kutoboa rangi mbichi. Anzeni alasiri, sakafu ikiwa inapoa. Shida ya hapa kwetu ni upepo wa saa hizo: fungeni mlango na mnyunyizie maji uwanja wa nje ili vumbi litulie. Changanyeni kidogo kidogo na kumimina sakafuni papo hapo. Epoksi ikikaa kwenye ndoo inajichemsha yenyewe na kuganda, rola ya kupakia ikiwa bado mkononi. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lizame.

Kukanyaga kwa miguu, subirini saa 24. Gari, siku 7. Kopo likisema zaidi, lifuateni.

Baada ya hapo kazi ni ufagio. Mchanga unaoingia na tairi ndio unaokwangua mng'ao, kwa hiyo fagieni kila siku kabla ya deki. Deki ni maji na sabuni kidogo. Dawa ya choo ibaki chooni. Oili ikidondoka ifuteni siku hiyo hiyo, na jeki iwekewe kipande cha plaiwudi.

SWALI: Fundi, nataka epoksi kwenye baraza, jua linapiga kutwa. Itafaa?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Itageuka njano na kupauka, kwani epoksi haivumilii jua. Kuna rangi ya poliurethani ya kupaka juu yake, nayo inasaidia, ila gharama inaongezeka na ikilowa utateleza, labda unyunyizie mchanga laini rangi ikiwa mbichi. Kwa baraza mimi ningeweka vigae vya kukwaruza.