Maswali na Majibu: Python Iliyokosa ssl

Swali: Nimejenga Python kutoka msimbo chanzo kwenye Ubuntu na kuisakinisha bila tatizo, lakini pip inakataa kupakua vifurushi, ikidai kwamba moduli ya ssl (inayoshughulikia miunganisho salama ya mtandao) haipo. Nifanyeje?

Jibu: Kompyuta yako haikuwa na faili za OpenSSL (maktaba ya usimbaji ambayo ssl huitegemea) zinazohitajika wakati wa kujenga, na Python, badala ya kusimama, huiruka moduli hiyo na kuendelea, ndiyo maana nasisitiza kwamba mistari ya mwisho inayotolewa na amri ya kujenga, make, inayotaja moduli zilizokosekana, isomwe kwa makini. Sakinisha libssl-dev, kifurushi chenye faili hizo, kisha urudie ./configure na make. Mwishoni tumia make altinstall, isiyoweka amri ya python3, kwani make install huweka python3 mpya katika /usr/local/bin, na kwa kawaida mfumo huitafuta amri humo kabla ya kufikia python3 yake wenyewe.