Maji yanapotea, chini pakavu: kabla hujafungua hedi ya 504

Peugeot 504 yangu ya petroli ya lita 2 ilianza kunywa maji kimyakimya. Kila asubuhi naongeza karibu nusu lita kwenye rejeta, na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi alisikia neno "maji" tu, akatoa hukumu: "Gasketi ya hedi imeungua, mzee. Tufungue." Nikakubali ifunguliwe hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini kinachozibwa kwa gasketi, bila kuuliza swali.

Silinda za injini hii hazikuchongwa kwenye bloki, yaani mwili wa injini. Ni silivu, yaani mirija ya chuma, zinazosimama ndani ya maji, zimekandamizwa na hedi kutoka juu, na chini zimezibwa kwa sili nyembamba. Ukishang'oa hedi, hakuna kinachozishika. Yule fundi alizungusha krenki (mhimili unaosogeza pistoni) "kidogo tu" asafishe pistoni, silivu mbili zikainuka na sili zake za chini zikaachia. Tukafunga gasketi mpya, hedi imesagwa vizuri, na wiki haikuisha kabla oili haijachanganyika na maji na kugeuka chai ya maziwa. Kumbuka, kabla ya hapo oili ilikuwa safi kabisa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kufungua hedi, naanza kupima asubuhi, injini ikiwa baridi. Nafungua kifuniko cha rejeta, najaza maji, napiga stata. Viputo vikija mfululizo bila kukoma, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Nikirudisha kifuniko na hozi ya juu ikawa ngumu ndani ya dakika moja, ilhali maji hata hayajapata joto, jibu ni lile lile. Kisha natoa plagi zote nne na kuzipanga kwa mfuatano. Iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, inatoka kwenye silinda inayokunywa maji.

Kama maji yanaingia kwenye oili, acha gari lilale usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yanatuama chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Legeza taratibu nati ya kumwagia oili uone kinachotangulia. Ila utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, hasa kama unaishi Limuru na safari zako ni za kwenda dukani na kurudi. Huo ni unyevu wa baridi tu.

Na gari likichemsha, usiikimbilie gasketi. Feni ya 504 yangu hushikwa na klachi ya umeme, na kaboni yake (kipande kinachoipelekea umeme) ikiisha, feni haizunguki inavyopaswa. Mshale wa joto nao hudanganya: nikipanda kutoka Mtito Andei kuelekea Nairobi ulishuka ghafla, nikashangilia. Kumbe maji yalikuwa yameisha, sensa inaning'inia hewani.

Fundi wa pili alipofungua hedi, kwanza alibana silivu zote kwa bolti na vipande vya bomba alivyokata mwenyewe. Akabadilisha sili za chini, oili ikabaki oili. Lakini ile nusu lita ya asubuhi iliendelea kupotea! Ndipo nikainua zulia la abiria wa mbele, ambalo miezi yote hiyo nilidhani linaloweshwa na mvua. Ilikuwa rejeta ndogo ya hita. Niliunganisha hozi zake mbili kwa kipande cha bomba na klipu mbili, kazi ya dakika kumi.