Waifai si intaneti: nilivyolipia bando miezi minne ili printa itoe karatasi

Juzi baada ya isha kaniandikia dada mmoja wa Mkoani, namba yangu sijui kaipata wapi. "Mwalimu asalam aleikum, samahani kwa usumbufu, nimenunua printa ya waifai na nina tableti ya Samsung, sasa fundi kaniambia bila ya kuweka intaneti nyumbani haifanyi kitu, na mie intaneti ya kila mwezi siiwezi, jee niirejeshe dukani?" Nikaisoma mara mbili. Nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza una nini, halafu kicheko kikakatika, maana huyo dada ndo mie mwenyewe miaka miwili nyuma, tofauti ni kuwa yeye kauliza na mie sikuuliza mtu, nikalipa.

Wanaonijua wanajua nasomesha tuisheni hapa Wete, uani kwangu, kidato cha pili na cha nne, na kila Jumamosi watoto wanafanya mtihani. Zamani mitihani yangu nikiitoa pahala mjini, natia kwenye flashi, nampa kijana, anaprinti, anapiga fotokopi, nalipa naondoka. Sasa Ijumaa moja usiku nikabadilisha suali la tisa, nikaona la mwanzo jepesi mno, asubuhi nikenda mapema nikatoa karatasi upya. Nimegawa, hata dakika tatu hazijafika, msichana mmoja wa mbele kanyoosha mkono, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mbona suali la tisa silo?"

Silo! Mtoto mwenyewe hakujua kama kashajifunga. Nikatizama wenziwe, watano sita vichwa chini. Flashi yangu iliacha kopi kule, na kopi ikatembea. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa mbele za watu kuwa nawasingizia, na kuwa mwalimu wa uani asijifanye baraza la mitihani. Hilo neno mpaka leo lipo hapa kifuani, sikufichi.

Basi zamu yangu ya upatu ilipofika nikapanda boti kwenda Unguja, sikununua kitenge wala sahani, nikenda moja kwa moja Darajani kutafuta printa. Muuzaji kijana mzuri wa maneno, akanitolea moja ndogo nyeupe, inaprinti, inaskani, inatoa kopi. Nikamwambia kompyuta sina, nina tableti tu. Akasema hii ya waifai, inafaa, ila bi mkubwa lazima uwe na intaneti nyumbani, bila ya hivyo haisomi. Akaniuzia na ruta ya laini, kile kidude kinachotoa waifai, na kunifundisha kulipa kifurushi. Elfu 35 kila mwezi. Miezi minne! Na mie mtu nnayeangalia video za mapishi kwa simu yangu, ile intaneti ya ruta nikiwashia printa tu, tena kwa kuogopa isiishe, nikishamaliza nazima.

Sasa sikiliza nilivyojua. Ramadhani, kumi la mwisho, nna watoto wanafanya mtihani wa mwisho kabla ya sikukuu. Kifurushi kilikuwa kishakatika siku tatu nyuma na mie kwa mambo ya futari nimesahau khasa. Nikawasha ruta, nikawasha printa, nikafungua karatasi yangu kwenye tableti, nikabonyeza kuprinti. Ikatoka. Zote. Nimemaliza nataka kumtumia dada yangu ujumbe, hauendi. Kutizama, ruta imewasha ile taa yake nyekundu, bando hakuna tangu juzi.

Nikakaa kitako pale pale sakafuni na karatasi mkononi.

Kumbe waifai ni kitu kimoja na intaneti ni kitu chengine. Waifai ni ile njia ya hewani baina ya kifaa na kifaa, kama barabara ya ndani ya mtaa. Intaneti ni boti ya kwenda nje. Tableti yangu ipo juu ya meza na printa ipo juu ya kabati, hatua nne baina yao, karatasi ina haja gani ya kupanda boti? Zinachotaka ni kuwa kwenye waifai moja basi. Ruta isiyo na laini, isiyo na bando, isiyo na chochote ila umeme, inatosha kuzikutanisha. Miezi minne nimelipa 140,000 kuvuka hatua nne.

Basi ruta yenyewe haikudumu. Umeme ulikatika jioni moja ukarudi kwa nguvu, adapta ikatoa moshi. Nikasema sasa nimekwisha. Lakini nilikuwa nishapata hasira ya kutaka kujua, na hasira ukiitumia vizuri ni mwalimu. Nikachukua kile kitabu cha printa ambacho tangu siku ya mwanzo kilikuwa chini ya godoro, nikasoma ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni. Ndo nikakutana na Wi-Fi Direct.

Maana yake, printa yenyewe inatoa waifai yake. Haihitaji ruta. Printa nyingi za siku hizi zinayo na watu wanakaa nayo miaka hawajui. Yangu ina kitufe chenye herufi i, nikakibonyeza ikanitolea karatasi ya taarifa zake zote, na humo mna jina la waifai linaloanza na DIRECT na paswedi yake chini. Nikenda kwenye tableti, sehemu ya waifai, nikaiona ile DIRECT, nikaingiza paswedi, ikakubali. Halafu tableti ikanitisha: imeunganishwa, hakuna intaneti, unataka kubaki? Hapa ndo wengi wanakimbia. Wewe sema ndio, baki. Hio si kosa, inakwambia ukweli tu. Na kama tableti yako ina laini ndani, zima data mpaka umalize, maana vyenginevyo inakuacha inakimbilia kwenye data na printa haiioni tena, utabonyeza mpaka vidole vichoke.

Upande wa tableti hamna uchawi. Android kuanzia ya 8 inayo huduma ya kuprinti ndani yake, ingia kwenye setingi tafuta kuprinti, angalia kama imewashwa. Ikiwa haiioni printa, daunlodi programu ya kuprinti iitwayo Mopria Print Service ukiwa bado una bando, ni ya bure, mara moja tu imekwisha. Wenye iPad nyie ndo kabisa, AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti bila waya, imo tangu 2010, ikiwa printa yako inaikubali ni kubonyeza tu. Na ukikuta mtu bado anakuelekeza Google Cloud Print, huduma ya Google ya kuprinti kupitia mtandaoni, achana naye, ile ilifungwa 31 Disemba 2020, na tena ile ndo iliyokuwa ikitaka intaneti kweli.

Na printa isiyokuwa na Wi-Fi Direct? Chukua simu, washa hotspoti, ingiza printa humo na tableti humo. Kwenye Android nyingi hata data ukiizima hotspoti inabaki. Ila iweke kwenye masafa ya 2.4 GHz, si 5, maana hizi printa za bei yetu nyingi haziioni ile ya 5, shoga yangu mmoja wa Konde alihangaika siku mbili kwa jambo hilo tu.

Sasa nikuhadithie aibu yangu ya pili, maana nilijiona fundi. Jumamosi saa moja asubuhi, watoto wanaingia, mie nimeshaunganisha DIRECT yangu kwa kiburi, nafungua mtihani, duara linazunguka tu. Linazunguka. Mtihani nimeuandika kwenye Google Docs, na faili lenyewe halimo kwenye tableti, limo huko kwenye mawingu yao! Ikabidi nijitoe kwenye printa, niwashe data, nilivute, nizime data, nirudi kwenye printa. Nalo lilipotoka, alama za kipeo cha pili zimekuwa vibox vitupu. Watoto wakasubiri nusu saa, mmoja kalala juu ya meza. Tangu siku hio, Ijumaa usiku kila kitu nakigeuza PDF na kukihifadhi ndani ya tableti yenyewe. PDF haibadiliki sura. Nimesema PDF, nasema tena, PDF.

La tatu ni la kuchekesha, ijapokuwa siku ile sikucheka. Nimelala, saa nne usiku nasikia printa inanguruma sebuleni peke yake. Nikasoma ayatul kursi nikatoka na tochi. Karatasi inashuka taratibu, kwanza majani ya uwanja, halafu viatu, halafu jezi nyekundu, mchezaji mpira mzima kajaa ukurasa, wino wangu wote wa rangi! Paswedi niliiacha ile ile iliyokuja nayo, 12345678, na mtoto wa jirani kaiona DIRECT kwenye simu yake akajaribu. Asubuhi kaja na mamaake kuomba radhi, "Bi nisamehe, nilidhani haitotoka." Picha nimempa, nitaifanyia nini. Paswedi nikabadilisha siku ile ile, na wewe badilisha leo.

Jambo moja la kuangalia kabla hujatoa pesa. Kuna printa zinauzwa rahisi lakini masharti yake zinataka akaunti na intaneti muda wote, zikikosa zinagoma, na wino wake lazima ule ule wa kampuni. Uliza dukani kabla, na ukijibiwa kwa kubabaika ondoka. Tunapenda sana kumwamini mtu kwa kuwa kavaa shati safi na anajua maneno matatu ya kompyuta. Ndugu zangu someni vitabu vya vitu vyenu! Pesa ya upatu inakuja mara moja kwa mwaka, huwezi kuitia mfukoni mwa mtu kwa sababu umeona haya kuuliza. Mie naandika haya si kwa kujisifu, ingawa wallahi mitihani yangu sasa inatoka humu humu ndani na suali la tisa halijui mtu mpaka asubuhi.

Yule dada wa Mkoani nilimtumia yote haya kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja, maskini. Jana kanijibu: "Mwalimu imeunganisha, inavuta karatasi, lakini inatoka nyeupe pe." Nikamwambia anipigie picha katriji, kile kikasha cha wino. Kaileta, na kile kiplastiki cha rangi ya chungwa bado kimebandikwa chini yake.