Unataka Kuwa Mwanasaikolojia Tiba Nyanda za Juu Kusini? Tafuta Msimamizi Mapema

Vijana wa Mbeya, Njombe na hapa hapa Iringa huniandikia mara kwa mara. "Shikamoo madam, nimemaliza kidato cha sita, nataka kuwa mwanasaikolojia, nisome chuo gani?" Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini lipo jingine ambalo karibu hakuna anayeniuliza, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama utakuja kuwa mtaalamu au utabaki na cheti tu: nani atakusimamia?

Nianze na chuo, maana jibu lake ni fupi. Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Tumaini, kinafundisha saikolojia ya unasihi, yaani ushauri nasaha. Ukitaka kufanya kazi na wagonjwa hospitalini, utaendelea hadi shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na kwa hiyo itabidi uende Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla hujalipa ada popote, fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) uhakikishe kozi unayoitaka imo. Na usituchanganye na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Yeye husoma udaktari miaka 5, akafanya mafunzo kazini mwaka 1, kisha uzamili miaka 3. Yeye ndiye anayeandika dawa. Sisi tunatibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, na mteja akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, tunampa rufaa siku hiyo hiyo.

Mimi niliingia kwenye kazi hii kupitia VVU, na sidhani kama ningepata mlango bora zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Ndiyo maana kliniki za CTC, za matunzo na tiba kwa wenye VVU, zimeenea kote huku kwetu, na kila moja inahitaji watu wa kukaa na mgonjwa, kumsikiliza na kumsaidia aendelee na dawa. Nilikuwa mshauri nasaha kabla sijajua kwamba kuna shahada ya kazi hiyo. Pale nilimkuta muuguzi wa makamo, mkali kidogo, ambaye wote tulimwita Mama. Huyo ndiye msimamizi wangu wa kwanza.

Njia yake nimeendelea kuitumia hadi leo kwa vijana ninaowasimamia, kwa hiyo naieleza vizuri. Unanunua kaunta buku. Kila ukurasa unapigwa mstari katikati. Mteja akishaondoka, unaandika upande wa kushoto maneno aliyosema yeye, kama alivyoyasema, na upande wa kulia maneno uliyosema wewe. Jina haliandikwi, wala mtaa, wala kazi yake. Herufi moja inatosha. Kitabu kinalala kabatini, kabati linafungwa kwa ufunguo. Mwisho wa wiki mnakaa na msimamizi na kupitia ukurasa kwa ukurasa. Anayeanza hujaza zaidi upande wa kulia: ametoa mawaidha, amenukuu Biblia au Kurani, ameeleza habari za shangazi yake aliyepitia jambo kama hilo. Kushoto kuna mistari miwili. Msimamizi hana haja ya kukuhubiria, kwa sababu ukurasa wenyewe unakuonyesha. Vitabuni nilikuja kumkuta Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, akisisitiza kwamba mteja ndiye anayeujua mwendo wa maumivu yake. Nilimwelewa haraka kwa sababu ya lile kaunta buku.

Usimamizi una kazi nyingine nzito zaidi. Lipo dodoso la maswali 9 tunalotumia kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Swali la 9 linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe, au ya kujidhuru. Mtu anayeanza kazi hulisoma swali hilo haraka haraka huku akiangalia karatasi, na mteja naye hujibu "hapana" haraka vile vile. Msimamizi mzuri atakufanyisha mazoezi mpaka uweze kuliuliza ukiwa umemtazama mtu, kwa sauti ya kawaida, kisha ukanyamaza na kusubiri. Kuuliza hakumtii mtu wazo la kufa. Kunampa nafasi ya kulitoa. Na ujue kwamba hapa nchini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mtu aliye mbele yako ana sababu ya kuogopa hata kama hakuambii.

Hapa Iringa kuna jambo la ziada. Utani wa Wahehe na kujinyonga unasemwa hadi kwenye harusi, na watu wanauunganisha na Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Ile ilikuwa vita. Ugonjwa wa binti wa chuo asiyelala wala kula hauna uhusiano wowote na kabila lake, na kila akisikia utani ule anazidi kufunga mdomo. Mimi ukisemwa mbele yangu naukataa waziwazi, na nakuomba na wewe uukatae.

Tukija kwenye usiri, mafunzo ya darasani yanachukulia kwamba wewe na mteja hamtakutana tena nje ya chumba. Iringa haiko hivyo, na Tukuyu na Mafinga ndiyo kabisa. Utamkuta Soko Kuu anachagua nyanya, utamkuta kanisani, utagundua kwamba mume wake anacheza upatu na dada yako. Na huku kwetu kupita mtu bila "kamwene", salamu yetu, ni tusi. Ukimsalimia kwa uchangamfu, aliye naye atauliza mmejuana wapi. Usipomsalimia, ataona umemdharau kwa sababu ya aliyokueleza. Kwa hiyo mimi hulimaliza siku ya kwanza kabisa, kabla hajaanza kueleza lolote: "Tukikutana nje, wewe ndiye utakayeamua. Ukinisalimia nitaitikia. Ukinipita, nami nitapita, wala sitakasirika." Kwa mtu mzima anayestahili shikamoo tunakubaliana hivyo hivyo, ingawa mwanzoni inanipa shida moyoni. Wengi hupumua wakishasikia hivyo.

Na lugha. Bibi wa Kilolo anaweza kukueleza kwa Kiswahili habari za shamba na wajukuu, lakini akifika kwa mtoto aliyemzika anahamia Kihehe. Kama huelewi, usimwite mjukuu aliye nje aje kutafsiri. Bibi hatasema yaliyomleta mbele ya mtoto, na mtoto naye hapaswi kuyabeba. Tafuta muuguzi mwenye lugha hiyo na mmalizane habari ya usiri kwanza. Kama unatoka Rungwe na unajua Kinyakyusa vizuri, au Kibena kwa mtu wa Njombe, hiyo ni sehemu ya sifa zako za kazi. Iandike kwenye wasifu wako.

Kuhusu kipato sitasema mengi. Ajira za hospitali ni chache kuliko wahitimu, mashirika yanaajiri kwa mradi na mradi una mwisho, na chumba cha kwako mwenyewe huchukua muda kujaa. Wengi wetu tunachanganya kufundisha, kliniki na kazi za shule.

Ninachokukataza ni vile vyeti vya siku chache vinavyotangazwa mitandaoni, vinavyokuita mtaalamu kabla hujakaa na mteja hata mmoja akiwepo wa kukukosoa. Semina nenda, utajifunza kitu. Ila mtu mwenye sonona asiwe wa kujaribia ulichosikia Jumamosi.

Sasa, msimamizi unampataje? Usisubiri mwaka wa tatu. Kama uko Mbeya, anzia kitengo cha afya ya akili Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kama uko wilayani, nenda CTC iliyo karibu au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Fildi ikifika, jaribu kuomba Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Pale utaona kwa muda mfupi magonjwa ambayo kwingine ungeyasoma tu. Barua yako ipitie kwa mganga mfawidhi. Usiombe kuona wateja, maana utakataliwa na watakuwa na haki. Omba kukaa kwenye vikao vya kujadili kesi, kupanga mafaili, kupokea watu mapokezini. Taja siku unazoweza kufika kila wiki, uzishike hizo siku hata mvua ya Machi ikinyesha. Baada ya miezi michache, muuguzi au mnasihi mmoja atakuwa ameanza kukuuliza umeonaje kesi fulani. Huyo ndiye wa kumwomba akusimamie, na uende kwake na kaunta buku mkononi.