Jibu: Bundi wa mpira wa tenisi anadondosha macho

Umeuliza kwa nini yule bundi wa mapambo uliyemtengeneza kwa mpira wa tenisi anadondosha macho uliyombandika kila baada ya siku mbili, na kama mipira ya tenisi ya meza ingefaa zaidi.

Shida si gundi, ni yale manyoya ya mpira. Gundi inashika nywele tu, haifiki kwenye raba. Chukua wembe, kwangua kiduara pale jicho litakapokaa mpaka raba ionekane, piga msasa kidogo, ndipo ubandike. Au shona kabisa, uzi hauna maneno. Ukitaka kuuchana mdomo, toboa kwanza kwa msharasi (chuma chembamba chenye ncha cha fundi viatu) mpira uteme upepo. Ukiuvamia na kisu ukiwa umejaa, kisu kinateleza. Kovu langu la kidole gumba lilianzia hapo.

Mpira wa tenisi ya meza una milimita 40 na ni mwepesi, unafaa kwa kichwa. Ila ile ya zamani ni ya seluloidi, plastiki ya kale, inashika moto haraka mno, kwa hiyo usiitoboe kwa msumari wa moto wala kuiweka karibu na mshumaa.

Mimi ningeanza na kile kinyoya cha badminton. Kisimamishe koki (ile sehemu ya mviringo inayoshika manyoya) ikiwa juu: manyoya 16 tayari ni gauni, koki ni kichwa. Chora macho kwa kalamu ya wino, zungushia waya mwembamba shingoni uwe mikono, umepata malaika.

Mipira ya gofu usiipasue. Bandika mpira mzima juu ya mwingine mzima kwa gundi ya epoksi.